Kuchakata picha kwa Python kwenye seva isiyo na skrini

Swali: Nina skripti ya Python ya kusoma vipimo vya picha na kutengeneza vijipicha. Niliiandika kwa tkinter, kupitia PhotoImage. Kwenye kompyuta yangu inazifungua PNG vizuri, ila JPEG inazikataa, na vijipicha vinatoka na maandishi yaliyokatikakatika. Nilipoihamishia kwenye seva iligoma kabisa, ikatoa ujumbe huu: `no display name and no $DISPLAY environment variable`. Seva haina skrini na sitaki kuiwekea mfumo wa madirisha. Nifanyeje ili nichakate picha bila zana za madirisha, na ikiwezekana bila kuongeza maktaba yoyote?

Jibu: Ujumbe huo hauzungumzii picha zako hata kidogo, unazungumzia dirisha. PhotoImage ni sehemu ya Tk, zana za madirisha ambazo tkinter inazitumia, na Tk iliundwa ili kuchora madirisha, vitufe na menyu. Kabla hujaiomba ifungue picha yoyote, lazima iwe imekwisha kutengeneza dirisha kuu. Kwenye Linux dirisha hilo huchorwa na seva ya X, ambayo anwani yake hutafutwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho DISPLAY. Kwenye seva yako kigeu hicho hakipo, kwa hiyo programu inafia mlangoni, hata baiti moja ya picha haijaguswa.

Matatizo yako mengine mawili yanatoka hukohuko. Tk 8.6 yenyewe inasoma PNG, GIF na jamii ya PPM basi. JPEG inahitaji kiendelezi cha ziada. Na ukiiambia ipunguze picha kwa `subsample(4)`, inachukua pikseli moja kati ya kila nne, kwa upana na kwa kimo, na zilizobaki inazitupa. Haipigi wastani wowote. Mstari mwembamba ukiangukia kwenye pikseli zilizotupwa, umepotea. Hayo ndiyo maandishi yaliyokatikakatika unayoyaona. Tk inajua kuonyesha picha. Kuchakata hakukuwa kazi yake.

Watu watakushauri usakinishe Xvfb, seva ya X inayochora madirisha ndani ya kumbukumbu badala ya kwenye skrini. Kweli, ujumbe wa kosa utaondoka. Lakini utakuwa unaendesha mfumo mzima wa michoro kwa ajili ya dirisha ambalo hakuna mtu atakayeliona, JPEG zitaendelea kukataliwa, na vijipicha vitabaki vibaya vilevile. Xvfb naikubali pale tu programu inapokuwa ya mtu mwingine na huna ruhusa ya kuibadilisha. Ya kwako unaweza kuiandika upya, tena itakuwa fupi kuliko sasa.

Tuanze na vipimo, maana hapo huhitaji maktaba yoyote. Faili la picha ni mfululizo wa baiti wenye mpangilio uliotangazwa wazi, na upana na kimo vimeandikwa karibu na mwanzo wake. Kuvisoma bila kusimbua picha ni sawa na kusoma anwani juu ya bahasha bila kuifungua barua. Faili liwe la kilobaiti kumi au megabaiti mia, kazi ni ileile.

PNG huanza na baiti nane zisizobadilika: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A kwa heksadesimali. Kisha hufuata kipande kiitwacho IHDR, ambacho upana wake uko kwenye baiti ya 16 hadi ya 19 na kimo kwenye ya 20 hadi ya 23, ukihesabu kuanzia sifuri, baiti kubwa ikitangulia. GIF huanza na herufi GIF87a au GIF89a, halafu baiti mbili za upana na mbili za kimo, safari hii baiti ndogo ikitangulia. JPEG ndiyo yenye usumbufu kidogo: ni msururu wa sehemu, kila moja ikianza na FF, kisha aina yake, kisha urefu wake. Inabidi uziruke moja baada ya nyingine mpaka uifikie ile inayotaja vipimo. Na ndani ya sehemu hiyo kimo hutangulia upana, jambo linalowapotosha wengi.

```python
import struct

def vipimo(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        k = f.read(24)
        if k.startswith(b"\x89PNG\r\n\x1a\n"):
            return struct.unpack(">II", k[16:24])
        if k[:6] in (b"GIF87a", b"GIF89a"):
            return struct.unpack("<HH", k[6:10])
        if k[:2] == b"\xff\xd8":
            f.seek(2)
            return vipimo_jpeg(f)
    raise ValueError("aina ya picha haijulikani: " + njia)

def vipimo_jpeg(f):
    while True:
        alama = f.read(2)
        if len(alama) < 2 or alama[0] != 0xFF:
            raise ValueError("JPEG imeharibika")
        aina = alama[1]
        while aina == 0xFF:
            aina = f.read(1)[0]
        urefu = struct.unpack(">H", f.read(2))[0]
        if 0xC0 <= aina <= 0xCF and aina not in (0xC4, 0xC8, 0xCC):
            f.read(1)
            kimo, upana = struct.unpack(">HH", f.read(4))
            return upana, kimo
        f.seek(urefu - 2, 1)
```

Angalia kwamba jina la faili halikuulizwa popote. Kiambishi cha `.jpg` mwishoni mwa jina ni ahadi tu, na mara nyingi ahadi hiyo ni ya uongo. Baiti za mwanzo ndizo zenye ukweli. Ukikuta majibu ya zamani yanayokuelekeza kwenye moduli ya `imghdr` kwa kazi hii, yapite: moduli hiyo iliondolewa katika Python 3.13.

Usisahau `"rb"`. Zile baiti nane za PNG zenyewe zilichaguliwa ili kufichua uzembe wa aina hiyo. Baiti ya 89, ambayo kwa desimali ni 137, inazidi 127, kwa hiyo chombo kinachokata biti ya nane kitaiharibu na kosa litajulikana mara moja. Jozi ya 0D 0A, na ile 0A iliyo peke yake mwishoni, hunasa programu yoyote inayobadilisha alama za mwisho wa mstari kana kwamba faili ni maandishi. Ni ubunifu ninaouheshimu sana: kosa linalotokea mara nyingi linagunduliwa kabla hujafika kwenye baiti ya tisa.

Kuandika PNG nako ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana ubanaji wake ni ule wa zlib, na zlib imo ndani ya Python tayari. Kila kipande kina urefu, jina la herufi nne, data, na hesabu ya CRC ya kuthibitisha kwamba jina na data havikuharibika. Ukiwa na pikseli zako kama mfululizo wa baiti, yaani nyekundu, kijani, bluu, nyekundu, kijani, bluu, kazi yote ni hii:

```python
import struct, zlib

def kipande(jina, data):
    mwili = jina + data
    return (struct.pack(">I", len(data)) + mwili
            + struct.pack(">I", zlib.crc32(mwili)))

def andika_png(njia, upana, kimo, rgb):
    hatua = upana * 3
    mistari = b"".join(b"\x00" + rgb[y*hatua:(y+1)*hatua]
                       for y in range(kimo))
    with open(njia, "wb") as f:
        f.write(b"\x89PNG\r\n\x1a\n")
        f.write(kipande(b"IHDR", struct.pack(">IIBBBBB",
                        upana, kimo, 8, 2, 0, 0, 0)))
        f.write(kipande(b"IDAT", zlib.compress(mistari)))
        f.write(kipande(b"IEND", b""))
```

Ile baiti ya sifuri mwanzoni mwa kila mstari inasema kwamba mstari huo haukupitishwa kwenye kichujio. PNG ina vichujio vinne vya kuandaa mstari ili ubanike vizuri zaidi, pamoja na chaguo hili la kutotumia chochote. Anayeandika ana haki ya kuchagua kilicho rahisi. Anayesoma analazimika kuvielewa vyote, pamoja na picha zenye jedwali la rangi, za biti 1, 2, 4, 8 au 16, na zile zilizopangwa kwa mpishano. Ndiyo maana nakuhimiza uandike PNG kwa mkono ukipenda, lakini usijitwishe mzigo wa kuzisoma zote. JPEG ndiyo kabisa: msimbuaji wake ni kazi ya wiki nyingi, na ukiandikwa kwa Python tupu utakwenda polepole mno.

Hapo kati, mtu akishakuwa na baiti mkononi, kuna mengi anayoweza kufanya bila maktaba, mradi tu asipite pikseli moja moja. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Kama baiti, inachukua takriban megabaiti 36. Ukiigeuza kuwa orodha ya namba tatutatu, kila kikundi cha namba tatu kinakula baiti zisizopungua 64 katika Python ya biti 64, na kielekezi chake baiti 8 nyingine. Jumla inapita megabaiti 800 kwa picha moja, na kitanzi cha mizunguko milioni 12 bado hujakianza. Basi zibakize kama `bytes`, utumie shughuli zinazotekelezwa ndani kwa lugha ya C. `rgb[0::3]` inakupa chaneli yote ya nyekundu kwa mkupuo mmoja. Na `translate`, ambayo wengi huijua kwa maandishi tu, inafaa ajabu kwa picha: unaipa jedwali la thamani 256, nayo inabadilisha kila baiti kulingana na jedwali.

```python
geuza   = bytes(255 - i for i in range(256))
angaza  = bytes(round(255 * (i / 255) ** 0.7) for i in range(256))

hasi     = rgb.translate(geuza)
angavu   = rgb.translate(angaza)
```

Mwangaza, utofautishaji, kugeuza rangi, kutenga nyeusi na nyeupe: vyote hivyo ni majedwali ya thamani 256. Inapendeza kuona kazi inayodhaniwa kuhitaji maktaba kubwa ikitimia kwa mstari mmoja ambao umo ndani ya lugha.

Sasa JPEG, kwa mtu aliyeapa kutoongeza maktaba ya Python. Mifumo mingi ya Linux ina, au inaweza kusakinishiwa kwa amri moja, programu ndogo iitwayo `djpeg`, inayokuja na zana za libjpeg, maktaba ya kusoma na kuandika JPEG. Inasoma JPEG na kutoa PPM, muundo mwepesi kuliko yote: herufi P6, vipimo na thamani ya juu kabisa kwa maandishi ya kawaida, kisha baiti tupu za rangi. Muundo huu ulitoka kwenye mkusanyiko wa zana za Jef Poskanzer wa mwaka 1988, ambao leo unaitwa Netpbm, na mpaka sasa hakuna njia nyepesi zaidi ya kupitisha picha kutoka programu moja hadi nyingine.

```python
import subprocess

def soma_jpeg(njia):
    towe = subprocess.run(["djpeg", "-scale", "1/4", njia],
                          check=True, capture_output=True).stdout
    aina, ukubwa, upeo, rgb = towe.split(b"\n", 3)
    upana, kimo = map(int, ukubwa.split())
    return upana, kimo, rgb
```

Ukiunganisha hii na `andika_png`, tayari una kitengeneza vijipicha kisicho na maktaba hata moja. Picha ikiwa ya kijivu `aina` itakuwa P5 na kila pikseli itakuwa baiti moja, kwa hiyo kagua kwanza. Ile `-scale 1/4` nayo ina faida kubwa. JPEG huhifadhi picha kwa vigae vya 8 kwa 8, na msimbuaji anaweza kutoa kila kigae kikiwa kimeshapunguzwa, bila kwanza kuitandaza picha nzima.

Hayo nimekueleza kwa sababu umeuliza kama inawezekana, na kwa sababu anayeijua njia hii hatababaishwa tena na faili la picha. Kwa kazi ya kila siku, ushauri wangu hauna kigugumizi: sakinisha Pillow. Ni mrithi wa PIL, maktaba ambayo Fredrik Lundh aliianzisha miaka ya 1990 na ambayo toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2009. Alex Clark aliianzisha Pillow kama tawi lake mwaka 2010. Haihitaji skrini. Inazungumza moja kwa moja na libjpeg, zlib na wenzake. Zinazotaka skrini ni pembe chache tu, kama `ImageTk`, `ImageGrab` na ile `show()`. Usiziguse na hutasikia habari ya DISPLAY tena.

Hii ndiyo kazi yako yote, JPEG na PNG pamoja:

```python
import os
from PIL import Image, ImageOps

def punguza(chanzo, lengo, kikomo=800):
    muda = lengo + ".muda"
    with Image.open(chanzo) as asili:
        wasifu = None
        if asili.mode in ("RGB", "RGBA"):
            wasifu = asili.info.get("icc_profile")
        picha = asili.convert("RGBA") if asili.mode == "P" else asili
        picha.thumbnail((kikomo, kikomo), Image.Resampling.LANCZOS)
        picha = ImageOps.exif_transpose(picha)
        if picha.mode in ("RGBA", "LA"):
            picha = picha.convert("RGBA")
            nyuma = Image.new("RGB", picha.size, "white")
            nyuma.paste(picha, mask=picha.getchannel("A"))
            picha = nyuma
        elif picha.mode != "RGB":
            picha = picha.convert("RGB")
        picha.save(muda, "JPEG", quality=85, icc_profile=wasifu)
    os.replace(muda, lengo)
```

Mistari ni michache, lakini kila mmoja upo kwa sababu yake.

`Image.open` haisomi picha. Inasoma kichwa tu, kama ile `vipimo` yetu. Pikseli husimbuliwa pale zinapohitajika, na hilo ndilo linaloipa `thumbnail` nafasi ya kuiomba libjpeg itoe JPEG ikiwa imepunguzwa tayari. Ukiita `convert` au `resize` kwanza, umelazimisha picha nzima isimbuliwe na nafasi hiyo imekwenda. Picha zenye jedwali la rangi ni tofauti: Pillow ikizipunguza zikiwa katika hali ya P hurudi kwenye mtindo uleule wa Tk wa kuchagua pikseli moja na kutupa nyingine, hivyo hizo ni lazima zibadilishwe kabla.

`exif_transpose` ni ya picha za simu. Kihisi cha kamera hakizunguki unapoisimamisha simu wima. Simu nyingi huhifadhi pikseli kama zilivyotoka, kisha huandika ndani ya EXIF, yaani maelezo ya ziada yanayobebwa na faili la picha, alama namba 274, yenye thamani kati ya 1 na 8, inayosema picha izungushwe vipi inapoonyeshwa. Programu za kutazama picha huitii. Skripti isiyojua alama hiyo hutoa vijipicha vilivyolala ubavu, na mwenyewe hushangaa kwa nini asili ikifunguliwa inasimama sawa. Mimi naizungusha baada ya kuipunguza kwa sababu kuzungusha picha ndogo ni kazi ndogo, na kisanduku cha 800 kwa 800 hakijali upande. Kisanduku chako kisipokuwa mraba, geuza mpangilio: zungusha kwanza, la sivyo upana na kimo vitabadilishana nafasi. Jambo hilohilo linaigusa `vipimo`: inakupa vipimo vya pikseli zilizohifadhiwa, na kwa picha yenye alama ya 5 hadi 8 mtazamaji ataviona vimepinduliwa.

JPEG haina uwazi. PNG yenye sehemu zilizo wazi ukijaribu kuihifadhi kama JPEG moja kwa moja, Pillow itakataa. Wengi huiponya kwa `convert("RGB")` peke yake, halafu wanakuta sehemu zilizokuwa wazi zimejaa weusi au rangi za ajabu, kwa kuwa chini ya uwazi kulikuwa na pikseli ambazo hakuna aliyekusudia zionekane. Kuibandika juu ya karatasi nyeupe, kwa kutumia chaneli ya uwazi kama kinyago, ndiyo njia ya haki.

Wasifu wa rangi nao usiuache. Baadhi ya simu na kamera hurekodi katika nafasi ya rangi iliyo pana kuliko sRGB, ile ya kawaida ya skrini na wavuti, na kuambatisha wasifu wa ICC unaoeleza hivyo. Pillow haiubebi yenyewe unapohifadhi JPEG. Ukiusahau, nyekundu na kijani zitapauka, na utatafuta kosa kwenye ubora wa ubanaji wakati halipo huko. EXIF kwa upande wake haibebwi vilevile, na hiyo naichukulia kuwa heri: ndani yake mara nyingi kuna mahali picha ilipopigwa, kwa digrii za latitudo na longitudo, na hakuna sababu ya kuzisambaza pamoja na kijipicha.

Kuandika kwanza kwenye faili la muda kisha `os.replace` kunamaanisha kwamba seva ikizimika katikati, hakuna atakayekuta nusu picha mahali pa picha nzima. Kwenye seva hili si pambo.

Kama picha zinatoka kwa watu usiowajua, kuna hatari nyingine. PNG inaweza kubanwa kwa kiwango cha kutisha: picha nyeusi tupu ya 20,000 kwa 20,000 inakaa kwenye faili la megabaiti moja na kitu, lakini ikisimbuliwa inadai baiti bilioni 1.2. Faili dogo namna hiyo linatosha kuiangusha seva. Pillow hutoa onyo picha inapozidi pikseli 89,478,485, na hukataa kabisa ikizidi mara mbili ya hapo. Usizime kinga hiyo kwa kuweka `MAX_IMAGE_PIXELS = None`, ingawa utaona ushauri huo kila mahali. Afadhali ishushe hadi kiwango ambacho picha zako halali haziwezi kukifikia.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo karibu kila maktaba hulipuuza, na ningependa ulijue hata kama hutalishughulikia leo. Namba 0 hadi 255 zilizomo kwenye picha hazipimi mwanga kwa usawa. Ukichukua pikseli moja nyeusi na moja nyeupe ukapiga wastani, utapata 128. Lakini nusu ya mwanga halisi katika sRGB ni takriban 188. Ndiyo maana picha zenye madoa mengi madogo angavu, kama anga la nyota au maandishi meupe kwenye usuli mweusi, hufifia zikipunguzwa. Dawa ni kuzibadilisha kuwa thamani za mwanga, kuzipunguza, kisha kuzirudisha. Kwa picha za watu na mandhari za kawaida tofauti haionekani kwa urahisi, na mimi huiacha.

Kuhusu zana nyingine nitasema kwa kifupi. ImageMagick ni ya mstari wa amri, ina umri wa zaidi ya miaka thelathini na inajua miundo mingi mno. Uwezo huo ndio pia udhaifu wake: mwaka 2016 iligundulika kwamba faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuifanya itekeleze amri za mshambuliaji. Ukiitumia kwa picha za wageni, zima katika `policy.xml`, faili lake la mipangilio, miundo usiyoihitaji, na ipitishe kupitia `subprocess` kwa orodha ya hoja kama nilivyofanya kwa `djpeg`, kamwe si kwa kuunganisha maandishi ya amri. Kumbuka pia kwamba `mogrify` huandika juu ya faili lako la asili bila kukuuliza. Ukiwa na picha kubwa sana, kama za setilaiti au ramani zilizoskaniwa, tafuta libvips: huchakata picha kwa vipande vinavyopita, haibebi yote kwenye kumbukumbu, na amri yake ya `vipsthumbnail` ina kasi ya kupigiwa mfano. Na siku utakayohitaji OpenCV, maktaba ya kuchambua picha na video, sakinisha `opencv-python-headless`, si `opencv-python`. Ile ya pili huja na madirisha yake na itakurudisha kwenye kilio chako cha leo, safari hii ikilalamikia `libGL`, maktaba ya michoro ya skrini.

Picha zikiwa nyingi, tumia `multiprocessing.Pool` upate mchakato mmoja kwa kila kiini cha kichakato. Ila kabla hujachagua idadi, zidisha upana kwa kimo cha picha kubwa unayoitarajia, kisha kwa 4, yaani baiti nne kwa kila pikseli, kisha uzidishe kwa idadi ya michakato, kisha ongeza nafasi ya kutosha. Hiyo ndiyo kumbukumbu utakayohitaji. Seva nyingi ndogo huishiwa kumbukumbu kabla hazijaishiwa kasi, na mfumo ukianza kuua michakato, utaona tu kwamba baadhi ya vijipicha havipo.

Kabla ya kuipeleka kwenye seva, ijaribu kwenye Linux yako ukiwa umeiondolea skrini:

```
env -u DISPLAY -u WAYLAND_DISPLAY python3 skripti.py
```

Ikipita hapo, itapita na kule. Ikilia tena, endesha `python3 -X importtime skripti.py` ukatafute neno tkinter kwenye towe lake. Mara nyingi utakuta limeingizwa na moduli nyingine uliyoisahau. Ikiwa ni matplotlib, maktaba ya kuchora grafu, mwambie `matplotlib.use("Agg")` kabla ya kuita `pyplot`, naye ataandika michoro yake moja kwa moja kwenye faili.